Diski mupya ndani ya mashini ya zamani: faida iko wapi, mutego uko wapi?

Ulizo moja linarudi kila juma kwenye biro za sendika, kwenye masomo na kwenye sekreteria za mitaani: « Mashini yangu inachelewa sana. Ninunue ingine, ao nibadilishe diski tu? » Mufundi anajibu: badilisha. Muuzaji wa magazini anajibu: nunua ingine. Kila mumoja anajibu kufuatana na kile anachouza. Sisi ambao hatuuzi kitu, tunapashwa kuhesabu wenyewe.

Mimi ni delege wa sendika kwenye kazi ya migodi, siko mufundi wa ordinateri. Lakini nimeona mashini nyingi zikipita kwenye biro zetu, na ninajua makuta ya kuzinunua inatoka wapi. Inatoka kwenye mushahara wa yule anayeshuka karieri usiku, wa yule anayeendesha kamyo ya benne, wa yule anayekaa siku nzima karibu na asidi. Kila dolari tunayotumia inapashwa kuelezwa mbele ya mukutano.

Tena, ndani ya ile mashini hamuna barua tu. Muko orodha ya wanamemba, PV za mikutano na wakubwa wa kampuni, picha za aksida, karatasi za mushahara za watu walioachishwa kazi. Siku mutu anapewa barua ya kufukuzwa, anafika kwenye biro mikono ikitetemeka, anauliza: « Yaya, dosie yangu mungali nayo? » Hapo ordinateri inaacha kuwa kitu cha fahari. Kama inafunguka kwa dakika kumi, tumepoteza dakika kumi. Kama diski imekufa na hakuna kopi, tumepoteza kesi.

Basi jibu langu kwa kifupi ni hili: kwa mashini nyingi za zamani, kutia diski ya SSD ni matengenezo yenye faida kuliko yote ingine. Lakini hiyo ni kweli tu kama diski njo kweli inachelewesha mashini, na kama dosie zote zimepata kopi fasi ingine mbele ya mufundi kushika turnavisi. Bila mambo hayo mawili, umenunua mwendo tu, na mwendo bila usalama tunajua inamaliza namna gani kwenye barabara zetu.

MAGAZINIE ANAYETEMBEA NA MAGAZINIE ANAYENYOOSHA MUKONO

Watu wengi wanasema « mashini imechoka », kama vile ingekuwa mutu. Ndani ya mashini kuko vitu vitatu vya kutenganisha. Prosesere ni mekanisie anayefanya kazi. Memwari ya RAM ni meza yake: pyesi anazotumia sasa ziko juu yake. Diski ni depo, fasi vitu vyote vinalala, hata umeme ukikatika.

Mekanisie anaweza kuwa mwepesi sana, lakini kama magazinie anatembea polepole kwenda depo kwa kila bulo, mekanisie anakunja mikono na kungojea. Ni vile mashini nyingi za zamani zinaishi. Prosesere yake ingali na nguvu, lakini siku nzima inangojea diski.

Diski duru ya zamani ni kitu cha ajabu kwa kweli. Ndani muko sahani ngumu, ngozi yake ya sumaku imetengenezwa na mchanganyiko wenye kobalti. Ndiyo, kobalti, ile ile inayotoka chini ya miguu yetu. Sahani inazunguka mara 5.400 kwa dakika kwenye portabili nyingi, na mara 7.200 kwenye mashini nyingi za mezani. Juu yake kunapita kichwa kidogo kinachosoma, bila kugusa, kwa nafasi ndogo kuliko vumbi. Kampuni ya IBM ilitosha diski ya kwanza ya namna hiyo mwaka 1956: ilikuwa na sahani 50, kubwa kama kabati, na ilibeba herufi milioni 5 tu. Leo picha moja ya telefone inaweza kujaza fasi hiyo yote.

Sasa tuhesabu, sababu hesabu haidanganyi. Mizunguko 5.400 kwa dakika ni 90 kwa sekonde. Muzunguko mumoja unachukua karibu milisekonde 11. Kichwa kikitafuta kitu kimoja, kinangojea kwa kadiri nusu ya muzunguko, ni 5 na nusu, kisha unaongeza wakati wa kukihamisha kutoka fasi moja mpaka ingine, kama 10 hivi. Jumla ni kama milisekonde 16 kwa kila kitu kidogo. Ni kidogo? Wakati Windows inafunguka, inaita vitu vidogo kwa maelfu. Tuseme 10.000: mara milisekonde 16, ni sekonde 160, karibu dakika 3, na hapo bado haujafungua hata barua moja.

SSD haina sahani, haina kichwa, haina kitu kinachozunguka. Ni memwari ya flashi, ndugu ya ile iko ndani ya telefone na ndani ya flashi tunayovaa kwenye shingo. Enjenieri wa Japani, Fujio Masuoka, aliyekuwa anafanya kazi Toshiba, njo aliionyesha mara ya kwanza mbele ya wenzake mwaka 1984. Ndani ya SSD, kutafuta kitu kidogo kunachukua kama sehemu moja juu ya kumi ya milisekonde. Vile vitu 10.000 vinapatikana kwa sekonde moja. Magazinie huyu hatembei: ananyoosha tu mukono.

Njo sababu tofauti inasikika kwa mutu yeyote, hata yule ambaye hajui kitu juu ya ordinateri. Hapa si faida ya asilimia 10 ao 20 ambayo muuzaji anaandika kwenye karatoni. Mashini iliyokuwa inakupa wakati wa kwenda kutafuta chai inafunguka mbele haujaketi.

KITU AMBACHO SSD HAIFANYI

Tuseme ukweli wote. SSD haiongezi mwendo wa enternet. Kama reseau ni mbaya, barua yenye picha itakwenda polepole vile vile. Haifanyi prosesere kuwa mupya: hesabu kubwa ya Excel yenye mistari maelfu, ao kazi ya video, itabaki kama zamani. Haitengenezi klavie iliyovunjika wala ekrani yenye mistari. Haiponyeshi virusi.

Tena haichukui fasi ya RAM. Kama meza ya mekanisie ni ndogo sana, anarudisha pyesi kwenye depo kila mara ili apate nafasi. Mashini yenye 2 Go ya RAM itateseka hata ukiitilia SSD ya bei kali. Yenye 4 Go inafaa kwa barua na orodha. Yenye 8 Go iko muzuri kwa kazi yote ya biro. Mara ingine kipande cha RAM peke yake kinatosha kuponya mashini.

UPIME MBELE YA KULIPA

Usimulipe mutu kwa sababu amesema tu « ni diski ». Kuko kipimo ambacho kila delege anaweza kufanya bila kuita mufundi.

Uwashe mashini yenye Windows, ufanye kazi yako kama kila siku. Wakati imekwama, ubonyeze pamoja Ctrl, Shift na Esc. Dirisha inafunguka yenye kuonyesha kazi ya prosesere, ya memwari na ya diski. Kama diski inaonyesha 100 % kwa dakika nyingi, na prosesere iko tu kwa 10 ao 15 %, umemuona mwenye kosa: ni magazinie. Kama memwari njo imejaa mpaka 90 % na zaidi, uanze na RAM. Kama prosesere njo iko 100 % bila kushuka, na virusi haiko, ile mashini imefika mwisho wa nguvu yake, na SSD haitaisaidia sana.

Jambo la pili ni afya ya diski yenyewe. Programu ya bure kama CrystalDiskInfo inasoma yale diski inajiandikia juu ya maisha yake: imefanya saa ngapi za kazi, fasi ngapi zimekufa na kubadilishwa. Ikionyesha rangi ya manjano ao nyekundu, usingojee mwisho wa mwezi. Utoshe dosie siku ile ile. Hata bila programu, diski duru mara nyingi inatoa onyo: sauti ya tak-tak-tak, fishie inayokataa kufunguka, mashini inayobaki na ekrani ya bluu. Mutu wa mugodi anajua kusikiliza mashini. Asikilize na hii.

Mashini gani inastahili? Kwa kadiri yangu, portabili ao mashini ya mezani yenye prosesere Core i3, i5 ao inayolingana nayo, ya tangu mwaka 2012 hivi, yenye 4 Go ya RAM ao fasi ya kuongeza, na yenye ekrani na klavie nzima. Zile ndogo sana za bei ya chini, zenye prosesere Atom ao Celeron ya kwanza, hapana. Tena uangalie: portabili nyingi za bei ya chini zina memwari iliyochomelewa kwenye karata yenyewe, inaitwa eMMC. Hiyo haibadilishwe. Mufundi akikuambia ataibadilisha, umuombe akuonyeshe kwanza fasi ya kutia diski.

ULIZO LA WINDOWS

Hapa kuko neno ambalo wauzaji wa mashini mupya wanapenda kutumia, na halina uongo. Microsoft ilimaliza kuchunga Windows 10 tarehe 14 mwezi wa 10 mwaka 2025. Windows 7 ilimalizika tangu mwezi wa kwanza mwaka 2020. Kumaliza maana yake ni nini? Mashini haizimike. Inaendelea kazi, lakini matundu mapya ambayo wezi wanavumbua hayazibwe tena bila mupango wa pekee. Windows 11 nayo inaomba prosesere za karibu mwaka 2018 na kuendelea, pamoja na kipande cha usalama kinachoitwa TPM 2.0. Mashini ya mwaka 2013, hata ukiitilia SSD nzuri namna gani, haikubaliwe kwa njia ya sheria.

Basi, SSD ni ya bure? Hapana. Ni kuchagua kazi ya mashini. Ile inayoingia enternet kila siku na kupokea barua kutoka kwa kila mutu, inastahili mufumo wenye kuchungwa. Mashini ya zamani inaweza kupewa Linux Mint, ni ya bure, inachungwa, na LibreOffice iliyo ndani yake inafungua barua nyingi za Word na orodha za Excel. Mikono inapata mazoea kwa siku chache. Ao mashini ile inabaki bila enternet, inafanya kazi ya orodha na ya emprimante tu. Lakini ukiwa na mashini ya mwaka 2018 ao 2019, yenye diski duru, ambayo inakubali Windows 11, usiiuze: hiyo njo ya kwanza ya kutilia SSD, sababu ingali na miaka mbele yake.

MUTEGO WA SOKO

Tuingie sasa kwenye magazini. SSD ziko namna tatu ambazo utaona. Ya kwanza iko na kimo cha diski ya portabili, inchi 2,5, na inafungwa na waya ya SATA: ile inaingia ndani ya mashini karibu zote za zamani. Ya pili na ya tatu ni vipande vyembamba kama kipande cha shikleti, vinaitwa M.2, moja inasema luga ya SATA, ingine inasema luga ya NVMe. Zinafanana kwa macho, lakini fasi inayopokea moja inaweza kukataa ingine. Mbele ya kulipa, mufundi afungue mashini na kuona ni fasi gani iko ndani.

Muuzaji atakuambia NVMe inakimbia sana. Ni kweli: diski duru inasoma karibu 100 Mo kwa sekonde, SSD ya SATA kama 500, na NVMe inapita 3.000. Lakini kwa barua, orodha na PV, mutu haone tofauti kubwa kati ya hizi mbili za mwisho. Mulima mukubwa ni kutoka diski duru mpaka SSD. Kisha hapo ni vilima vidogo.

Ukubwa? Kwa biro, 240 ao 256 Go inatosha. Barua, hata elfu kumi, hazijazi fasi hiyo. Zinazojaza ni video na muziki ambazo hazina kazi kwenye mashini ya sendika.

Mutego mubaya zaidi ni diski ya uongo. Kuko zinazouzwa kwa jina la 2 To, ao hata 16 To, kwa bei ya kuchekesha, na ndani muko kipande cha flashi cha 64 Go. Programu yake imedanganywa ionyeshe namba kubwa. Unaandika, unaandika, inakubali, kisha dosie za kwanza zinafutwa chini ya zile za mwisho, na hakuna anayekuambia. Dawa iko: programu ya bure H2testw kwa Windows, ao F3 kwa Linux, inajaza diski yote na kusoma tena yale iliyoandika. Inachukua wakati, lakini ufanye vile mbele ya kuweka dosie hata moja, wakati fakitire ingali mukononi. Bei ikiwa nusu ya bei ya magazini zingine zote, ujue kuko sababu.

Na kuchakaa je? Watu wanaogopa kwamba SSD « inamalizika kwa kuandikwa ». Ni kweli, kila SSD iko na kipimo cha yale inaweza kuandika. Kwa diski ya ukubwa wetu, watengenezaji wanaahidi mara nyingi kati ya 80 na 150 To. Biro ikiandika 20 Go kila siku, na biro yetu haifiki hapo, 80 To inachukua siku 4.000: karibu miaka 11. Klavie itakufa mbele. Usifanye tu ile kazi ya zamani ya « kupanga diski », wanaoita defragmantasio: kwa SSD haisaidie, inachakaza bure.

UMEME WETU NA KIFO KISICHO NA SAUTI

Hapa kwetu mutu hawezi kuzungumuza ordinateri bila kutaja delestaji. Umeme unakatika katikati ya sentensi, unarudi na nguvu mbaya. Portabili yenye batri nzima imechungwa: batri yake ni onduleri ya bure. Mashini ya mezani inaomba onduleri, hata ndogo, ili upate dakika tano za kufunga kazi. SSD za bei ya kawaida mara nyingi hazina akiba ya umeme ndani ya kumaliza yale zilikuwa zinaandika. Zile za seva kubwa ziko nayo, lakini si za soko letu.

Kwa upande ingine, SSD inapenda barabara zetu kuliko diski duru. Delege anayebeba portabili kutoka Kolwezi mpaka Lubumbashi, ndani ya taksi-basi, anaweza kuibeba bila kufikiri juu ya kichwa kinachogonga sahani. Kwa mutu wa safari, hiyo peke yake ni sababu ya kutosha.

Lakini usikilize jambo hili, ni la maana kuliko mwendo wote. Diski duru inapougua, mara nyingi inalia. SSD inaweza kufa kimya: jana ilikuwa muzima, leo mashini inasema haioni diski. Tena kutosha dosie ndani ya SSD iliyokufa ni vigumu kuliko ndani ya diski duru, na gharama yake inapita mara nyingi bei ya mashini yenyewe. Kwa hiyo, yule anayetia SSD bila kupanga kopi ameongeza mwendo na ameongeza hatari.

Kanuni ya kopi ni moja, na inajulikana dunia nzima: kopi tatu, kwenye vitu viwili tofauti, moja nje ya biro. Kwa sendika ni rahisi: dosie iko kwenye mashini, kila ijumaa unaipeleka kwenye diski ya inje, mara moja kwa mwezi kopi ya pili inakwenda fasi ingine, kwa delege mwingine mwenye kuaminiwa, imefungwa na neno la siri. Usitumie SSD ya kuweka kabatini kwa miaka bila umeme. Memwari ya flashi inashika dosie kwa nguvu ndogo ya umeme iliyofungwa ndani, na ile inatoka polepole, zaidi kwenye joto. Kwa SSD ya kawaida iliyofika mwisho wa maisha yake, kipimo cha watengenezaji ni mwaka mumoja tu kabatini kwa digri 30. Kwa kulaza dosie, diski duru ya zamani, kama ingali na afya, inafaa zaidi. Unaitia ndani ya kasha ya USB, na imepata kazi mupya.

DISKI YA ZAMANI INASEMA MANENO YETU

Neno hili linahusu sisi watu wa sendika kuliko wengine wote. Mufundi amebadilisha diski, umelipa, umefurahi. Diski ya zamani imekwenda wapi? Mara mingi inabaki kwake, anaiuza kwa mutu mwingine. Ndani muko majina ya wanamemba, namba za telefone, malalamiko yenye sahihi, karatasi inayosema nani alisema nini juu ya mukubwa gani. Mutu alitupa siri yake juu anaogopa kufukuzwa. Ile siri sasa iko sokoni kwa dolari tano.

Kutupa fishie kwenye kikapu na kumwaga kikapu si kufuta. Fishie inabaki pale mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake, na kuko programu za bure za kuirudisha. Kwa diski duru, ufanye formati nzima, si ile ya haraka: inaandika sifuri kila fasi, inachukua masaa. Kama diski imekufa na haikubali kufutwa, uipige tundu na perese, katikati ya sahani. Tuko watu wa vyuma, tunajua kutoboa. Kwa SSD, dawa nzuri ni kufunga dosie kwa neno la siri tangu siku ya kwanza. Programu ya bure VeraCrypt inafanya kazi hiyo. Kwa hiyo, uandike kwenye fakitire: diski ya zamani inarudi kwa mwenyewe.

HESABU YETU

Kwenye biro yetu tulikuwa na mashini tano zinazolia. Kamaradi mumoja alisimama akasema: « Tuko sendika, hatuko watu wa kuokota. Kampuni inakuja kwenye mikutano na mashini za mwaka huu, sisi na zile za zamani. Tununue mbili mupya, tumalize. » Neno lake lilikuwa na uzito, na wengi walipiga makofi. Mutu anayezungumuza mushahara ya watu asionekane kama mwombaji.

Tukapima zote tano. Tatu, kosa lilikuwa diski. Moja ilikuwa na 2 Go ya RAM, lakini diski yake ilikuwa nzima. Ya mwisho ilikuwa na prosesere dhaifu na ekrani yenye kuvunjika: tuliitosha kwenye kazi, tukabaki na batri na waya zake. Tatu zilipata SSD, moja ikapata RAM na Linux. Kila SSD ilitutoka dolari 35, na mukono wa mufundi 10. Zote tatu, 135. Kwa makuta ile hatungepata hata mashini moja mupya yenye nguvu ya kweli. Tungepata moja ndogo, ya plastiki, yenye eMMC, ambayo ingechoka mbele ya mwaka kuisha. Kamaradi yule njo leo anashika funguo za kabati fasi diski ya kopi inalala.

Bei inapanda na kushuka, kwa hiyo usishike namba zetu kama sheria. Ushike kipimo hiki: uulize magazini tatu bei ya SSD, uongeze mukono wa mufundi. Kama jumla inapita nusu ya bei ya mashini nzuri ya okazioni inayokubali Windows 11, usitengeneze, ununue ile. Kama iko chini ya sehemu moja juu ya tatu, na kipimo cha Ctrl, Shift, Esc kimeonyesha diski, utengeneze bila kusita. Katikati ya hizo mbili, uangalie ekrani, klavie na batri: ziko nzima, utengeneze, zimechoka, uachane nayo.

Kuko na sababu ingine ya kutoharakisha kutupa. Ndani ya kila portabili muko shaba kwenye karata yake, na mara nyingi kobalti kwenye batri na kwenye diski. Sehemu kubwa sana ya kobalti ya dunia inatoka hapa Kongo, karibu sehemu 7 juu ya 10. Sisi tunajua ile jiwe inachimbwa namna gani, kwa jasho gani. Mashini ikitupwa kwenye jalala la mutaa, batri inachomwa na watoto, na moshi inarudi kwenye mapafu yetu. Kuitumia miaka mitatu zaidi ni kuheshimu kazi ya yule aliyeitosha chini ya udongo.

Basi, delege unayesoma hii, uanze na kopi. Leo, mbele ya kuuliza bei yoyote, utafute diski ya inje na uweke dosie za wafanyakazi juu yake. Kisha ufanye kipimo. Kisha njo uende sokoni. Mukutano ukiuliza makuta ilikwenda wapi, uwe na fakitire mukononi, diski ya zamani ndani ya kabati, na dosie ya kila mutu inayofunguka wakati angali amesimama mbele yako.